Milango Miwili Pahali Pamoja

Gitothua, Ruiru
3 Februari 2025

Kwako Mjomba Musau,

Nakusalimia kwanza, kazi itangoja. Huku tuko sawa. Mama anakusalimia kutoka Witeithie, anasema dada yako bado yuko hai ikiwa umesahau. Baba goti limetulia tangu aache kazi ya kiwanda. Mdogo wangu Marvin amehama chumba tena kule Kahawa Wendani, kwake kila mwenye nyumba ni mbaya. Mimi niko kwa kile chumba changu nyuma ya kinu cha posho mill, meza ya kompyuta imeshikana na kitanda, nikichoka kuchora nageuka tu.

Nimejaribu kukupigia. Unasema "tuko sawa, baki salama," unakata. Haya. Najua sheria yako tangu uliponifundisha kazi: maagizo hayapitii kwa simu, yanaandikwa, ndio kesho mtu asikane. Basi naandika.

Ni ile zahanati ya Witeithie. Madam Ciku, mwenyekiti wa kamati, ameniambia modeli ya wadi ya akina mama, ile uliyoichora kwa kompyuta, iko tayari kwako. Injinia Muigai anangoja kupiga hesabu ya nguzo na slabu ya zege, lakini yeye anatumia programu kama yangu, na yako ile ya zamani haifunguki kwetu. Kwa hivyo inabidi uitoe kwa faili ya kati, ile ambayo programu zote mbili zinaweza kusoma, uiweke kwa flashi. Mimi nitaifungua huku, niisafishe, nimpe Muigai. Kamati inataka kuchimba msingi mwezi wa saba.

Nikuje Jumamosi niichukue? Ni nusu saa tu kutoka hapa.

Ni mimi wako,
Akello


Thika
11 Februari 2025

Akello mwanangu,

Barua imefika na nimefurahi, ingawa mkono wako wa kuandika umerithi wa baba yako, unakimbia kama mtu amekosea njia. Mwambie dada yangu sijamsahau. Namkumbuka kila nikiunguza mahindi ya muthokoi.

Hii yangu inapigwa chapa na Dimple, binti wa Kulwant mwenye duka la hardware hapa chini ya nyumba yangu. Herufi zangu siku hizi ni mbaya, hata mimi sizitaki. Ukiona Kiswahili kimenyooka sana ujue ni yeye. Dimple anasema yeye anaandika tu vile ninasema.

Jumamosi usije. Nyumba inapakwa rangi na vitu viko nje. Flashi nimempa dereva wa pikapu ya hardware. Yeye hupeleka waya na misumari Ruiru kila Jumanne, na jibu lako mpe yeye, au lije na matatu ya Thika.

Sasa sikiliza kwa makini. Maisha yangu yote ya kazi nimechora magodauni. Nimechora pahali pa kuweka mananasi, pahali pa kuweka ngozi, pahali pa kuweka mbolea. Hakuna hata siku moja mtu aliniambia, Musau, chora pahali binadamu atalala. Hii wadi ndiyo nyumba yangu ya kwanza ya watu, na kwa umri huu ndiyo ya mwisho. Sitaki mtu aiguse. Wewe hamisha tu. Usichore upya hata mstari mmoja. Na pale kwa kona ya mchoro, penye jina la mchoraji, paandikwe Musau Kyengo, peke yake.

Kula vizuri. Chai na mandazi si chakula cha mtu anayekaa mbele ya kompyuta.

Mjomba wako,
Musau


Gitothua, Ruiru
24 Februari 2025

Mjomba,

Salamu zako nimefikisha, na ya muthokoi Mama amecheka mpaka akakaa chini. Anasema hukuwahi kujua kupika hata mkiwa watoto Machakos. Mandazi nimeacha. Sasa ni chapati.

Modeli imefunguka. Ni nzuri, Mjomba, aki nilikaa nikiizunguka tu kama mtu anaangalia nyumba ya kununua. Dirisha zile za juu zinaingiza mwanga mpaka kwa ukuta wa mwisho.

Lakini safari imeiumiza. Kuta zako zimefika zikiwa zimekufa. Kwa macho ni ukuta, lakini nikiuliza programu hiki ni nini, inasema ni kitu. Si ukuta, ni kitu tu. Nikitaka kusongeza dirisha kidogo, inakataa, haijui dirisha ni nini. Hiyo nitaihangaikia, ni kazi ya siku chache.

Kuna lingine ambalo limechekesha kamati. Muigai aliomba orodha ya vifaa. Programu ikamwambia wadi ina mapaa mawili, moja juu pahali pake, na lingine liko chini kabisa mbele ya mlango, na linahitaji mabati na misumari ya mabati. Rampu, ule mteremko wa kupitisha machela, haipo. Madam Ciku akaniuliza kwa upole kabisa kama mama mwenye uchungu atasukumwa juu ya mabati.

Mjomba, rampu yako ilienda wapi?

Akello


Thika
4 Machi 2025

Akello,

Mwambie Madam Ciku akina mama wake hawatateleza. Nimecheka mimi, Dimple amecheka, Kulwant akauliza tunacheka nini naye akacheka bila kuambiwa.

Rampu ndiyo hilo paa. Wewe hukufanya kazi kwa ofisi yetu ya magodauni kwa hivyo hujui. Programu yetu haikuwa na rampu hata kidogo, na lori litaingiaje godauni bila rampu? Basi bosi wetu, marehemu Bwana Tarlochan, alituonyesha siku ya kwanza: chukua paa, lilaze karibu na ardhi, lipe unene wa zege, lipake kijivu, kwisha. Kila kitu kilichoinama tulikifanya kwa paa. Rampu, mtaro, hata ngazi ya mteremko ya mifuko. Kwa karatasi nani angejua? Nusu ya magodauni ya Thika yana paa chini ya magurudumu ya lori na hakuna aliyelalamika.

Sasa nyinyi na hizo programu zenu za kuuliza kila kitu jina. Haya, nimeikubali. Kabla ya kutoa faili kuna pahali pa kusema kila kitu kiitwe nini, na nimesema: hii ni rampu, huu ni ukuta, huu ni ukuta, mpaka nikachoka. Flashi hii ina faili mpya ya kati. Nimeweka pia ile yangu ya asili, mtafute pahali mtaifungua mwone hakuna mchezo. Nikiwa hapo nimeongeza milango ya choo na nguzo za veranda ambazo nilikuwa nimesahau.

Marvin asome. Vyumba atavipata tu.

Musau


Gitothua, Ruiru
19 Machi 2025

Mjomba,

Natumai rangi ya nyumba imekauka. Huku mvua imeanza, barabara ya kwetu ni uji. Marvin anasema alikuona stendi ya Thika wiki iliyopita, alikuwa kando yako kabisa, akakupungia mkono na kukuita lakini honi za matatu zilikuwa nyingi. Ulipita. Sasa anadhani umemkasirikia kwa sababu ya vyumba. Nimemwambia Mjomba hakasirikii mtu kwa kimya, angemwambia.

Rampu sasa ni rampu. Kuta zimefufuka, nikizisukuma zinasogea na dirisha linafuata. Hiyo kazi umeifanya vizuri sana na nimemwambia Muigai hivyo.

Lakini programu inalalamika kuhusu jambo lingine. Inasema kuna vitu viwili pahali pamoja. Choo cha kwanza kina milango miwili, mmoja unafunguka ndani na mwingine unafunguka nje, umeachana na mwenzake kama upana wa mkono. Choo cha pili vivyo hivyo. Kule mwisho wa veranda kuna nguzo mbili zimeingiliana, na Muigai ananiuliza ni gani inabeba slabu. Akipiga hesabu kwa nguzo ambayo siyo, zege litakaa juu ya hewa.

Labda ulitoa faili mara mbili? Au kuna kitu sijui kwa programu yako? Niambie tu, sina haraka.

Akello


Thika
25 Machi 2025

Akello,

Mwambie Marvin sikumwona. Stendi ina watu wengi.

Hiyo milango miwili ni makosa ya kuhamisha. Faili ya kati inajulikana, inaongeza na kupunguza inavyotaka. Kwangu kila kitu ni kimoja. Mimi nilikuwa nalipwa kuchora wakati wewe unachora ukutani na makaa na mama yako anakuchapa. Futa za ziada, zibaki moja moja, mpe Muigai aanze.

Pasaka usije. Sitakuwepo.

Musau


Gitothua, Ruiru
2 Aprili 2025

Mjomba Musau,

Salamu hukunitumia, lakini mimi sitakunyima zangu. Mama ni mzima. Baba ni mzima. Marvin nimemwambia ulivyosema.

Sikufuta kitu. Huwezi kufuta cha ziada kama hujui cha ziada ni kipi. Badala yake nilichora kibanda kidogo, mlango mmoja, nguzo nne. Nikakipitisha kwa faili ya kati kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mlango ulibaki mmoja. Bado sikuridhika, nikaenda Kahawa Wendani kwa rafiki ya Marvin ambaye ana programu kama yako, nikafungua faili yako ya asili, ile ambayo haijahamishwa popote. Milango ilikuwa miwili humo humo. Nguzo zilikuwa mbili.

Kisha nikavipaka vyekundu vyote vilivyorudiwa, nikasimama mbali na kompyuta. Katikati ya jengo hakuna chekundu hata kimoja. Vyote viko pembeni, kuzunguka nyumba yote, kama upindo wa leso.

Mtu anayesahau husahau popote, Mjomba. Wewe hukusahau. Wewe huoni pembeni. Ulichora mlango, siku nyingine ukaangalia, hukuuona, ukachora mwingine. Na Marvin alikuwa kando yako.

Nimeandika na kurarua hii barua mara nyingi. Lakini wazee walisema mficha uchi hazai, na wewe unajenga pahali pa kuzalia. Macho yako yako aje? Usinijibu mambo ya programu.

Akello


Gitothua, Ruiru
5 Mei 2025

Mjomba,

Mwezi umepita. Kila Jumanne namngoja dereva wa pikapu mpaka ameanza kunionea huruma, akiniona mbali anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Pasaka nilikuja hata kama ulikataa. Nilipanda ngazi, nikabisha. Nilisikia redio ikizimwa. Nilisimama pale mlangoni kwako, nikajua umesimama upande wa pili. Niliacha majani chai na sukari kwa hardware, nikarudi Ruiru. Nililia kwa barabara, sikufichi, mama mmoja akanipa kitambaa.

Kuna jambo sijakuambia na sasa ni lazima. Kabla hata sijakuandikia ile barua ya kwanza, Madam Ciku alikuja kwangu akaniambia niichore wadi upya mwenyewe, kwa jina langu, mzee apumzike. Nilikataa. Tangu hapo kila mkutano nawaambia uko mbioni, imebaki kidogo, programu inasumbua. Sasa wamechoka na mimi. Ikifika mwisho wa Juni bila modeli safi, wanapeana kazi kwa ofisi ya Nairobi, na hiyo ofisi ina wadi yake tayari, sanduku na dirisha, wamejenga kila pahali. Yako itatupwa.

Kuichora kwa jina langu sitaki. Kumpa Muigai hii ya nguzo mbili siwezi, slabu ianguke juu ya mtoto wa mtu. Na kukuona ukijifungia ndani imenishinda kabisa. Nimekasirika na wewe na nakupenda, vyote viwili, na sijui niweke kipi mbele.

Niambie tufanye nini. Andika hata mstari mmoja.

Akello


Thika
20 Mei 2025

Akello mwanangu,

Msalimie mama yako, baba yako, na Marvin, ambaye simkasirikii. Chai nimekunywa. Ilikuwa nzuri na ilinitesa.

Wewe ulidhani Dimple ananipigia chapa tu. Dimple ndiye hunisomea pia. Ile barua yako ya Aprili alinisomea kwa kaunta ya hardware, watu wamesimama wakitaka misumari. Alipofika pale pa nyekundu akaacha kusoma. Nikamwambia endelea.

"Mzee, hii nadhani ni ya familia," akasema.

Nikamwambia endelea. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja, akaenda kuhudumia watu. Nilikukasirikia wiki tatu. Wiki ya nne nikaanza kujikasirikia mwenyewe, na hiyo inachosha zaidi.

Ni presha ya macho. Daktari aliniambia mwaka juzi. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone inalinda kilichobaki. Matone naweka, usianze. Naona katikati tu, kama mtu anachungulia kwa bomba la maji, na bomba linazidi kubana. Herufi kwa karatasi siziwezi tena. Nyumba haikupakwa rangi.

Sikuwaambia kwa sababu nawajua. Mama yako angenichukua Witeithie, anikalishe kwa kiti kizuri, anifungulie redio, na kila mgeni akija aambiwe asalimie polepole, mzee haoni. Mtu akishaitwa kipofu hakuna anayemuuliza tena ukuta uende wapi. Na mimi nilikuwa bado najua ukuta uende wapi. Nilitaka kumaliza hii moja kabla mtu hajajua, basi. Niliogopa, Akello. Andika hivyo, Dimple, usiruke.

Ulikosea kukataa ile kazi. Kazi haikataliwi kwa huruma, na wewe kila mkutano unadanganya watu kwa ajili yangu. Lakini hata mimi siiachi. Hiyo ofisi ya Nairobi na sanduku lake ikae huko.

Jana nimezima kompyuta, Dimple ameifunika na gunia. Faili ya kati itupe, hatuhamishi kitu tena. Ile nyumba ninayo yote kwa kichwa, na humo hakuna kitu kiko pembeni. Mimi nitasema, Dimple ataandika, wewe utachora kwa programu yako tangu mwanzo. Kila Jumanne chumba kimoja au viwili. Pahali hujaelewa usibahatishe, uliza.

Anza sasa. Simama nje ya mlango mkubwa, uangalie ndani. Mbele yako kuna ukumbi mrefu, upana mita mbili na nusu, kwa sababu machela mbili lazima zipishane na muuguzi abaki na pahali pa kusimama. Mlango wa kwanza kushoto ni chumba cha kupima. Dirisha lake liwe juu ya kichwa cha mtu aliyelala, mwanga uingie lakini wa nje asione. Vyoo viko kulia. Milango yake ifunguke nje, yote miwili. Mama akianguka ndani, mlango wa kufunguka ndani utakwama kwa mwili wake na hakuna atakayemfikia. Ile iliyofunguka ndani niliichora nikiwa na haraka, tena sikuona kwamba nilikuwa nimeshachora nyingine.

Nguzo ya mwisho ya veranda isimame sawa na kona ya ukuta. Ile mwenzake haikuwa nguzo, yalikuwa macho yangu.

Musau


Gitothua, Ruiru
20 Juni 2025

Mjomba wangu,

Salamu kutoka kwa wote. Marvin amepita mitihani na, usishangae, amehama chumba. Mama ananiuliza kila siku kwa nini barua zimekuwa nyingi hivi, anadhani unataka kuoa.

Imeisha. Chumba cha mwisho nilikimaliza wiki iliyopita, kile cha kuoshea vifaa ambacho tuligombania Jumanne mbili. Bado nasema sinki ingekaa vizuri chini ya dirisha, lakini nimeiweka ulipotaka, kwa sababu niliposimama chumbani kwangu na kujaribu kugeuka na beseni la maji moto kama ulivyoniambia, nikajimwagia. Umeshinda. Mguu umepona.

Mjomba, kila mlango uliutaja mara moja. Kila nguzo mara moja. Programu haikulalamika pahali popote. Niliifungua ile modeli yako ya zamani kando ya hii nikaziangalia pamoja, na hii mpya ndiyo ile uliyokuwa ukitaka kuchora wakati wote. Muigai amepiga hesabu zake kwa siku nne bila kuniuliza swali hata moja. Jana kamati imeipitisha. Madam Ciku alikaa mbele ya kompyuta yangu akaingia ndani ya wadi, akapita ukumbini, akafika kwa kitanda cha mwisho. Halafu akaniambia alizaa mtoto wake wa kwanza kwa korido, amesimama, na akauliza ni nani alifikiria haya mambo yote. Nikamwambia ni mjomba wangu.

Kwa kona ya mchoro nimeandika Musau Kyengo, chini yake Akello Owino. Najua uliagiza peke yake. Kama langu linakuudhi nitalitoa.

Kuhusu macho sijamwambia mtu, si kamati, si Muigai, si hata Mama. Walipouliza kwa nini wadi inakuja kwa barua, chumba kimoja kimoja, nilisema ndivyo unavyofanya kazi. Si langu kulisema, na hata usiposema milele halitatoka kwangu.

Nachapisha Alhamisi. Kama kuna kitu kimesahaulika, kisemwe Jumanne hii, baada ya hapo ni zege. Na siku ya kuchimba nakuja kukuchukua mwenyewe, tukae mbele ya kamati wote wawili.

Wako,
Akello


Thika
24 Juni 2025

Akello,

Nimesikia. Dimple amenisomea mara mbili, mara ya pili mimi ndiye niliyeomba. Mguu wako pole, lakini sasa unajua sinki.

Jina lako libaki hapo. Mchoro wa wadi hii umechorwa na watu wawili, na mimi sitasaini uongo. Mama yako nitampigia mwenyewe leo jioni, na sitakata. Siku ya kuchimba nitakungoja chini hapa kwa hardware, nimevaa.

Agizo moja la mwisho, na uliandike kwa mchoro kabla ya Alhamisi. Katika ule ukumbi mrefu, ukuta wa kulia mtu anapoingia, weka bomba la kushikilia, kimo cha kiuno. Lianzie nje, hapo rampu inapoanza, lifuate ukuta mpaka kitanda cha mwisho. Lisikatike isipokuwa penye mlango, na penye kila mlango liwe na alama ya kuguswa kwa kidole, mtu ajue amefika wapi bila kuuliza.

Kamati itakuuliza hilo bomba ni la nani, maana si la mgonjwa wa kitanda na wajawazito wana macho yao. Madam Ciku ni mtu wa kuuliza. Usinifichie, na usimwambie ni mtindo wa kisasa. Mwambie ni la mtu asiyeona. Akisema hapa Witeithie hajui mtu kama huyo, mpe jina langu.

Musau Kyengo